Vizibo vya Soda na Dawa ya Baba Yako

...lakini swali lako lilikuwa la haki, Asia, na mie nililikwepa kwa kujifanya nasugua sufuria. Uliniuliza, "Mama, umejuaje kwamba huyu naye hatakupiga?" Kabla sijafungua mdomo, shangazi yako Mwantumu akadakia kutoka mkekani, "Hilo la huyu mume mpya mtajuana wenyewe, wifi. Mbona la kaka yangu hamliamini? Kapona! Kanywa dawa!" Basi maneno yakahamia kwa baba yako, sauti zikapanda, na swali lako likabaki halina mwenyewe.

Sasa shangazi amelala. Wewe umekwenda Tandika kumuaga Mama Salome, jirani yetu wa zamani. Idrisa wangu yuko uani anafunga sanduku lako kwa kamba kwa sababu kitasa chake hakiaminiki, na anaimba, na anaimba vibaya, na mie namsikiliza kama bi harusi wa jana. Ndivyo nilivyo. Umri huu, mama wa binti wa miaka kumi na tisa, nasikia sandali zake mlangoni na moyo unaruka. Nitakujibu yote mawili, la Idrisa na la baba yako, kwa maana nimeyatazama mpaka nimeona ni swali moja.

Sitakuandikia habari za chandarua wala kuchemsha maji. Kesho unakwenda Morogoro kusomea uuguzi, chuo hakina bweni la mwaka wa kwanza, na utakaa kwa baba yako, mtu ambaye hujalala chini ya paa lake tangu ulipokuwa hujaota meno ya ukubwani. Umesema unataka kumjua akiwa mzima. Nimekuelewa, na siwezi kukufunga mguu kwenye kitanda. Ninachoweza ni kukupa njia ya kupima.

Unajua kwamba nilikutana na Idrisa kwenye ile zahanati ya Temeke nilipokuwa naandikisha wagonjwa. Hujui tulikuwa tunafanya nini. Madaktari walitaka kujua kama mafuta mapya yanaponya upele wa watoto, na Idrisa aliletwa kama mtu wa hesabu. Makopo yalikuwa ya aina mbili, rangi moja, harufu moja. Aina moja ilitiwa dawa, nyingine ilikuwa mafuta matupu, na juu yake kulikuwa na alama tu: nyota au mwezi. Pale zahanati hakuna aliyejua ipi ni ipi, hata yeye. Mtoto akija, tunarusha sarafu. Sarafu ndiyo iliyoamua apewe nyota au mwezi, ili tusije tukawapendelea tuliowahurumia.

Mie nilijua mapema. Akina mama wa nyota walirudi wanacheka, wamembeba mtoto mgongoni amelala. Wa mwezi walirudi na malalamiko. Nikamwambia, "Kaka Idrisa, nyota ndiyo dawa. Huoni?"

"Bado."

"Bado nini? Macho yangu haya!"

"Macho yako mazuri sana," akasema, na hakucheka, "lakini bado."

Watoto wote walipokwisha kukaguliwa, nyota ikawa imeponya wengi kuliko mwezi. Nikapiga kigelegele pale pale. Yeye akaniambia niketi. "Tuanze kwa kudhani makopo yote mawili ni mafuta matupu."

"Kwa nini nianze na kitu nisichokiamini?"

"Kwa sababu kama dawa ni kweli, itakivunja. Dhani haifanyi kitu. Basi kila mtoto aliyepona angepona tu, hata sarafu ingempa kopo lile jingine. Nyota ingemzidi mwezi kwa bahati peke yake. Sasa tuangalie bahati peke yake ina nguvu kiasi gani."

Akakusanya vizibo vya soda dukani kwa jirani, kimoja kwa kila mtoto. Waliopona, akapaka vizibo vyao masizi kwa ndani. Akavimwaga vyote kwenye beseni la kufulia, akavikoroga, akaniambia nifumbe macho nivigawe mafungu mawili, hili nyota, hili mwezi. Nikafumbua, tukahesabu vyeusi. Asia, mara ya kwanza tu, fungu la nyota lilizidi kuliko hata lilivyozidi kwa watoto wetu! Na vile vilikuwa vizibo. Havijawahi kupakwa dawa na mtu. Tukavirudisha, tukakoroga, tukagawa tena. Tena. Mchana mzima, mpaka nesi akapita akasema, "Hawa wanacheza bao au wanachumbiana?" Tofauti kubwa kama yetu ilikuwa inajitokeza mara kwa mara, bila dawa yoyote, bila sababu yoyote.

Idrisa akafuta mikono. "Siwezi kusema dawa imefanya kazi. Siwezi kusema pia kwamba haikufanya. Ningesema imefanya kama tofauti hii ingekuwa haijitokezi kwenye vizibo ila kwa nadra sana. Lakini inajitokeza hovyo."

Nilikasirika naye siku nzima. Kisha madaktari wakafungua bahasha ya siri yao. Nyota yangu, niliyoipigia kigelegele, ilikuwa mafuta matupu.

Nilisimama na kizibo mkononi nikasikia baridi, na baridi hiyo haikuwa ya upele wa watoto. Nilikuwa namkumbuka mganga wa Manzese.

Kovu la bega lako unalijua, na unajua nani alilisababisha. Usichojua ni kwa nini siku ile ulikuwa chumbani.

Tulipokuwa tunakaa Tandika, baba yako alikuwa mpakuaji mizigo bandarini. Alikuwa hapigi kila siku. Angekuwa anapiga kila siku labda ningeondoka mapema. Alikuwa anapiga mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia na pombe ikiingia. Alinipiga kwa mkanda, upande wa chuma. Alinipiga kwa mguu wa stuli uliokuwa umelegea, akaung'oa kabisa ili aendelee kunipiga nao. Mara moja alinishika kisogoni akanigonga na fremu ya mlango mpaka nikasikia jino limelala juu ya ulimi kama punje ya mahindi. Nililitema kwenye kiganja, nikalitazama, nikawaza kama limetoka kwangu au kwake. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nakupeleka kwa Mama Salome kabla jua halijashuka. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu yote, na ilikuwa akili nzuri.

Baada ya kipigo cha jino nikaenda Manzese. Mganga akanitazama uso, akanipa unga wa kijivu, niwe namtilia baba yako kwenye chai. Nikatia. Asia, mtu alikuwa maji! Alileta samaki. Aliniletea sabuni ya kunukia, alikubeba mabegani mpaka sokoni. Nikasema, nimepata dawa. Baada ya muda kipigo kikarudi, kikubwa, nikarudi Manzese na jicho limefumba. Mganga akasema dozi imekwisha, akanipa nyingine. Na kweli, utulivu ukarudi. Ikawa hivyo mara kadhaa. Mie mwenyewe niliwapeleka wanawake wengine wawili wa mtaa kwa yule mganga, nikiwa mbele, natamba.

Hebu tazama nilichokuwa nafanya. Nilikwenda Manzese lini? Siku zote baada ya kipigo kikubwa kuliko vyote. Na baada ya kipigo kikubwa kulifuata nini, hata zamani, kabla sijasikia habari za unga? Kulifuata samaki na sabuni. Mfuko umekauka, uso wangu umekaa pale kama bango, na yeye ana haya. Utulivu ulikuwa unakuja wenyewe, na mie nilikuwa nafika nao mlangoni na kuuita dawa. Sikuwahi kuacha mwezi mmoja bila unga nikaona. Nilikuwa na fungu la nyota tu. Mwezi sikuwa nao.

Na unga ule haukumbadili yeye, ulinibadili mimi. Uliniondolea hofu. Mwezi ule mshahara ulitoka, na mie sikukupeleka kwa Mama Salome. Nilisema, ya nini, ametulia. Nikabandika maharage kwenye jiko la mkaa, nikakulaza kitandani.

Mmoja wa wale wanawake alikuwa amemwambia mumewe habari za unga, na mumewe akamwambia baba yako kilabuni. Aliingia bila salamu, akachukua kikombe cha chai nilichomwandalia, akakimwaga sakafuni, akainama kutazama tope lililobaki.

"Umenitilia nini?"

"Sukari, baba Asia."

"Lamba."

Alinishika nywele akanishusha mpaka sakafuni, akanisugua mdomo kwenye lile tope. "Lamba, mchawi wewe! Unaniua kidogo kidogo!" Akanivuta kwenda kwenye jiko. Nilikuwa naona makaa yanakuja, nasikia nyusi zinaungua, ndipo ukaamka wewe, ukarukia mguu wake, ukamng'ata. Alirusha mguu ule. Sufuria ikaenda, jiko likaenda, nawe ukaenda pamoja navyo. Kelele uliyotoa, mwanangu, bado naisikia maji yakichemka.

Mama Salome aliingia na mchi wa kinu. Alimpiga mgongoni kama anatwanga kisamvu, na alipoanguka akaendelea. Nyuma yake mtaa mzima. Walimburuta kwa mguu kupitia mfereji, kichwa kinagonga mawe, wakampiga kwa mabenchi na kwa nondo mpaka taya likakaa upande. Mtu akapita na dumu la mafuta ya taa. Mie nimekukumbatia, ngozi ya bega lako imenata kwenye kanga yangu, na nilikuwa napiga kelele. Walionisikia wanasema nilisema "mwacheni" na nilisema pia "muueni." Sijui nilianza na lipi. Mjumbe alifika akalipiga teke dumu, akalala juu ya baba yako kwa mwili wake mwenyewe, ndivyo alivyopona.

Alipokwenda Morogoro, Tandika yote ikasema kipigo kimemtibu. "Si umeona? Husikii tena kelele." Kelele tungezisikiaje? Tulikuwa hatukai naye. Aliyekaa naye ni yule mke aliyemwoa kule, na yule mke aliondoka na taya limefungwa kwa kitambaa. Shangazi yako mwenyewe ndiye aliyenipa habari, akamalizia, "Lakini wifi, yule mwanamke naye alikuwa na mdomo."

Kwa hiyo hii ni dawa ya tatu. Vidonge. Vya kuacha pombe. Toka biashara ziachiwe huria, kila kona kuna zahanati ya mtu binafsi na kidonge cha kutoka ng'ambo, na shangazi amenionyesha kopo, zuri, lina picha ya mlima. "Tangu Ramadhani hajagusa tone, wifi, naapa!" Simwiti mwongo. Labda vidonge ni kweli. Vipo vitu vya kweli duniani, nimeolewa na kimoja. Lakini jiulize kama Idrisa alivyoniuliza. Dhani vidonge havifanyi kitu. Je, tungeona nini? Alivianza lini? Alipookotwa mtaroni anatapika damu. Baada ya kubaya kuliko kote, kama safari zangu za Manzese. Kisha ukaja mwezi wa kufunga. Kabla haujaisha, kiwanda anachofanyia kazi kikasimama, wakakaa nyumbani bila mshahara miezi yote hii. Mtu hana senti ya kununulia pombe, hana mke wa kumpiga. Hata angekuwa anameza chaki, angekuwa mtulivu vile vile. Hiyo miezi ya utulivu wanayokuhesabia haituambii kitu, si kwa ubaya wala kwa wema.

Najua utasema nina chuki. Chuki ninayo, lakini siyo inayoandika hapa. Naweza kukosea kwa njia mbili. Naweza kusema hajapona kumbe amepona: nitakuwa nimemdhulumu mzee mmoja, nimemnyima tabasamu la binti yake kwa muda, nitakwenda kumpigia magoti na kumwomba radhi. Au naweza kusema amepona kumbe hajapona. Kosa hilo nimeshalifanya, na limekaa begani kwako. Kwa hiyo tuanze kwa kudhani dawa haikufanya kitu, na tumwache yeye aivunje dhana hiyo, polepole, kwa siku ambazo kweli angeweza kupiga na hakupiga.

Usimchokoze makusudi. Usitie chumvi nyingi ili uone. Maisha yatamchokoza yenyewe. Na jambo moja Idrisa alilolishika pale zahanati mpaka nesi akamchukia: tulikubaliana tofauti gani itatutosha kabla ya kuhesabu, siyo baada. Nesi alitaka tupunguze kidogo tulipoona nyota imezidi. Amua leo, ukiwa bado kwangu, ni jambo gani likitokea utatoka. Usiseme "akinipiga." Sema "akirusha kikombe ukutani." Sema "akinizuia mlango." Mie sikuamua mapema, na kila mwezi nilisogeza alama: kofi siyo kipigo, mkanda siyo kipigo, jino moja siyo meno.

Sasa Idrisa. Ukimtazama unaona mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mie naona mtu aliyerusha sarafu kila asubuhi kuamua aje zahanati na mandazi au mikono mitupu, ili ajue kama nacheka kwa ajili yake au kwa ajili ya mandazi. Aliniambia siku ya kuniposa. "Unacheka vile vile," akasema. Nani amewahi kupendwa hivyo hapa Temeke? Tulipokwenda kununua kitanda kwa mafundi wa hapa Keko, fundi akagonga mbao akasema, "Hiki hakilii, mama, hata mkifanyaje!" Idrisa akajibu kwa adabu kabisa, "Tutakijaribu ndipo tuseme." Mafundi barabara nzima wakaangua kicheko, na mie nikajifunika ushungi nikicheka kwa furaha.

Lakini mandazi siyo jibu la swali lako. Jibu ni shati. Siku ya safari yake ya Dodoma nililiunguza shati lake jeupe la pekee, pasi ya mkaa imetoboa mgongo mzima. Aliingia, ameshachelewa, ana kiatu mkononi. Akaliona. Akapaza sauti, "Aa, jamani!" Na mkono wenye kiatu ukapanda. Asia, sikufikiri. Mkono mmoja ulikinga uso, mwingine ulikuwa na pasi inayowaka, na nilikuwa nimeshaamua mahali pa kumpiga: usoni, kwenye miwani ile ile. Alikuwa amepandisha kiatu ili ajipige paji la uso. Akanitazama. Akashusha kiatu polepole, akakiweka chini, akaketi sakafuni mbali na mie, karibu na ukuta, akalia. Kisha akavaa shati la buluu.

Shati moja halitoshi, na yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kukuambia. Ni kizibo kimoja. Ndiyo maana nauli yangu na kanga zangu mbili bado ziko kwa Mama Salome, na Idrisa anajua ziko huko, na hajawahi kuniambia nizirudishe. Nampenda mpaka naona aibu kukuandikia. Lakini sijui, mwanangu. Nahesabu siku mbaya, na mpaka sasa zote zimekuwa upande wake. Hilo ndilo jibu langu.

Sasa sikiliza, Idrisa amemaliza sanduku na shangazi anakohoa. Baba yako amerudi kazini mwezi huu. Kiwanda kimewashwa, na mshahara wao hutoka siku za mwisho, kama bandarini. Utakuwa ni mshahara wake wa kwanza tangu aanze vile vidonge. Yote mliyoyaona mpaka leo yalikuwa mkesha. Siku ile ndiyo siku yenyewe, na hutaipitia peke yako chumbani na jiko linawaka, kama nilivyokupitisha mie.

Usimwambie kwamba nakuja. Mgonjwa akijua anatazamwa hupona kwa saa chache. Kama ni mzima, atanikuta nimeketi kibarazani kwake nachambua mchele, atashtuka, atanikaribisha chai, nami nitainywa kikombe chote mbele yake. Kama si mzima, atanikuta mimi kwanza kabla hajakufikia wewe, na Idrisa atakuwa upande wa pili wa ukuta. Mama Salome naye amesema lazima aje, na ameuliza kama kwenye basi wanaruhusu mchi.

Weka sanduku lako karibu na mlango, usilifungue lote. Nitakuja kabla mwezi haujaisha.

Mama yako